Tofali lisilo na spea

Kama hujawahi kukereza grafaiti, ile kaboni nyeusi ya kwenye penseli, sijui nikuelezeje lile vumbi. Ni unga mweusi mlaini unaoteleza kama umepakwa mafuta, linaingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, unaoga mara mbili na asubuhi bado mto una doa. Mi nimekereza grafaiti miaka kadhaa, elektrodi za mashine za kuchonga kwa cheche, vyungu vya kuyeyushia metali, vitu kama hivyo, na siku ya kwanza kabisa mzee aliyenifundisha kazi wala hakunipeleka kwenye mashine. Alichukua kipande kimoja akakining'iniza kwa uzi, akakigonga na spana, kikalia tiiing kama kengele ndogo. Akachukua cha pili, akagonga, tup, sauti ikafia hapohapo.

"Umesikia, mwanangu? Hicho kina ufa ndani. Ukikipandisha kwenye mashine kitakurukia usoni."

"Nimesikia, mzee."

Baadaye tukakikata na ufa tukaukuta kweli, mwembamba kama unywele. Basi tangu siku hiyo nikaishi na imani moja, kwamba grafaiti inayolia vizuri ni grafaiti nzima, na inayolia kwa sauti ya juu zaidi ni nzima zaidi. Imani hiyo ndo imekuja kunivurugikia nilipoanza kusoma habari za vinu vya nyuklia, na nimeona niandike maana kila nikimweleza mtu kwa mdomo ananiambia we jamaa nenda kalale.

Ishu ilianza na karatasi. Ulikuja mzigo wa grafaiti na karatasi yake ya vipimo, nikaona wameandika kiasi cha boroni, sehemu chache mno kwa milioni, nikajiuliza ni nani huyo anayehangaika na boroni kidogo namna hiyo. Kumbe ni historia. Boroni inameza nyutroni kwa pupa, na nyutroni ndo zile chembe ndogo zinazopasua urani, zikimezwa kinu hakiwaki. Mwanafizikia Leo Szilard aliling'amua hilo mapema kule Marekani akawabana watengenezaji mpaka wakatoa grafaiti iliyosafishwa vizuri. Ujerumani mwanafizikia mwingine, Walther Bothe, akapima grafaiti yake mwaka 1941, akaona inameza nyutroni kupita kiasi, uchafu wa ndani ukawaponyoka, na mradi wao ukaegemea kwenye maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, badala ya grafaiti. Tarehe 2 Desemba 1942 Enrico Fermi na wenzake wakawasha Chicago Pile-1, rundo la matofali ya grafaiti na urani lililopangwa kwa mikono chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Watu huwa wanamkumbuka Fermi na hesabu zake, mi nawakumbuka zaidi wale waliokata na kupanga matofali wakitoka kazini weusi tii. Hao ni ndugu zangu kabisa.

Sasa grafaiti inafanya nini mle ndani? Kazi yake ni kupoza mwendo. Nyutroni ikitoka kwenye urani iliyopasuka ina nishati ya kama elektroni-volti milioni 2 (ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama atomu), na kwa mwendo huo urani nyingine haiikamati vizuri, inabidi ishuke hadi kama 0.025, yaani mwendo wa kawaida wa vitu vilivyo kwenye joto la chumba tu. Ili ishuke hivyo kwa kugongana na kaboni inahitaji migongano kama 115 kwa wastani. Maelezo mengi yanaishia hapo, nyutroni imepoa, urani imepasuka, umeme umepatikana, tunashukuru. Hakuna anayeuliza hali ya huyo aliyegongwa mara 115.

Tuanze na umbo lake kwanza maana bila hilo hayo mengine hayaeleweki. Grafaiti ni mikeka iliyorundikwa. Kila mkeka umesukwa na atomu za kaboni kwa maumbo ya pembe sita, atomu na jirani yake wameachana nanomita 0.142 na wameshikana vibaya sana, yaani kuachanisha hao ni kazi. Lakini mkeka mmoja na wa juu yake wameachana nanomita 0.335, na kinachowashikanisha ni mvuto hafifu tu, ndo maana mikeka inateleza, ndo maana penseli inaandika, na ndo maana mto wangu una doa.

Rundo moja la mikeka iliyopangika hivyo ndo fuwele moja. Tofali lenyewe lina fuwele nyingi mno zilizoelekea huku na huku. Wanasaga koki ya petroli, yaani makaa yanayobaki mafuta yakishasafishwa, wanaikanda na lami, wanaioka taratibu, halafu wanaipeleka kwenye tanuri la umeme mpaka nyuzi joto 2,800 hivi, na mzunguko wote unachukua miezi. Likianza kupoa kutoka kwenye joto hilo, kila fuwele inasinyaa sana kwa upande wa rundo na kidogo sana kwa upande wa mkeka, zinavutana, na kati ya mikeka zinabaki nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Ukijumlisha nyufa hizo na matundu ya gesi iliyotoka wakati wa kuoka, karibu sehemu moja ya tano ya tofali ni uwazi mtupu. Grafaiti kamili ingekuwa na gramu 2.26 kwa sentimita moja ya ujazo, ya kwenye vinu iko 1.7 na kitu au 1.8. Mi kama mkerezaji nilikuwa naziona hizo nafasi ni kasoro, unalipia kilo unapewa hewa. Zishikilie kichwani lakini, tutazihitaji.

Haya, nyutroni inakuja. Kaboni ni nzito mara 12 kuliko nyutroni, kwa hiyo wakikutana uso kwa uso kaboni inaweza kupokea mpaka asilimia 28 ya nishati yote. Kwa nyutroni ya milioni 2 hiyo ni zaidi ya elektroni-volti laki 5. Na kung'oa atomu ya kaboni kutoka mahali pake kwenye mkeka kunataka kama elektroni-volti 30 tu! Kwa hiyo atomu iliyopigwa haisogei kistaarabu, inaondoka kama ng'ombe aliyekata kamba, inagonga nyingine, nayo inagonga nyingine, na vumbi likija kutulia mamia ya atomu zimeshahama. Nyingi zinarudi kwenye mashimo papo hapo, si mashimo yaleyale, yoyote yaliyo karibu. Zinazobaki ndo tatizo: kule walikotoka kuna pengo kwenye mkeka, na wao wenyewe wamebanwa katikati ya mikeka miwili ambako hakukuwa na nafasi ya mtu.

Wataalamu wanapima kipigo hicho kwa swali moja rahisi, kwamba kila atomu kwa wastani imehamishwa mara ngapi. Na mi nilivyosoma mara ya kwanza nilidhani jibu litakuwa sehemu ndogo tu ya moja. Wapi. Kwenye matofali ya vinu vilivyokaa miongo, sehemu zilizopigwa sana zinapita 10. Yaani hakuna atomu mle iliyobaki ilipokuwa siku tofali linawekwa, wote wameshahamahama, na tofali bado limesimama limebeba mzigo.

Aliyeliona hili kabla halijatokea ni Eugene Wigner, mwaka 1942, wakati huohuo wa Chicago. Alikuwa na digrii ya uhandisi wa kemia kabla hajawa mwanafizikia mkubwa, na nadhani ndo ilimsaidia, akawaza kama fundi: jamani mnalipiga hili jiwe mabomu mchana na usiku, halitakaa lilivyo. Wenzake wakaupa jina, ugonjwa wa Wigner. Na ukaja kweli. Kwenye vinu vya Hanford vya Marekani, kinu B kilichoanza Septemba 1944, grafaiti ikaanza kuvimba, na ikivimba inapindisha mirija ya urani iliyopita ndani yake. Walipata hofu kiasi kwamba mwaka 1946 walikizima kinu B ili kiwepo cha akiba endapo vingine vitakufa kwa kuvimba. Dawa iliyopatikana baadaye inachekesha kidogo: acha grafaiti ipate joto zaidi. Wakachanganya kabonidayoksaidi kwenye heliamu iliyokuwa inazunguka mle ndani, mchanganyiko huo hauondoi joto vizuri kama heliamu tupu, grafaiti ikapanda joto, atomu zilizobanwa zikapata nguvu ya kutembea zikarudi kwenye mapengo, na uvimbe ukapungua.

Joto ndo kila kitu kwenye habari hii, hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ukiuliza mionzi inaifanyaje grafaiti bila kutaja joto ni sawa na kuuliza safari ni saa ngapi bila kusema unakwenda wapi. Grafaiti iliyopigwa ikiwa baridi na iliyopigwa ikiwa ya moto ni vitu viwili tofauti, karibu vitofautiane kama mkaa na majivu.

Anza na ya baridi. Chini ya nyuzi joto 100 na kitu, atomu zilizobanwa kati ya mikeka hazina nguvu ya kwenda popote. Zinakaa. Na kila moja iliyokaa pale ni kama springi iliyobanwa, ina nishati ambayo ingependa kuiachia irudi nyumbani. Zikijazana vya kutosha, gramu moja ya grafaiti inaweza kubeba mpaka jouli 2,700 hivi. Kama namba hiyo haikuambii kitu, kilo moja ya grafaiti iliyojaa namna hiyo ina nishati ya kutosha kugeuza lita nzima ya maji yanayochemka kuwa mvuke. Na ukiitazama ni tofali tu, jeusi, baridi, limetulia. Halafu ukija kulipasha, likipita joto lililozoea wakati linapigwa, atomu zinaanza kurudi, zikirudi zinatoa joto, joto hilo linaziamsha nyingine, na karibu na nyuzi 200 linakuja wimbi moja kubwa ambapo grafaiti inajipasha yenyewe bila wewe kuongeza kitu.

Waingereza walikutana na hilo Windscale. Walikuwa na vinu viwili, kila kimoja na grafaiti kama tani 2,000, vinapozwa kwa hewa ya kawaida inayosukumwa na mafeni na kutokea kwenye bomba refu la moshi. Hewa, sio gesi maalumu. Grafaiti ikawa baridi kiasi, na nishati ikajikusanya. Mwaka 1952 joto likapanda lenyewe bila mtu kuelewa ni kwa nini, ndo wakaanzisha utaratibu wa kuiachilia nishati makusudi, kila baada ya muda wanapunguza hewa, wanakiwasha kinu kwa nguvu ndogo, grafaiti inapanda joto, inajitapika, wanapooza, maisha yanaendelea. Kwa kinu namba 1 walifanya mara nane. Ya tisa ilianza tarehe 7 Oktoba 1957.

Hapa nakuomba uvae viatu vya mtu wa zamu. Unawasha, vipimo vya joto vinapanda, halafu vinaonekana vinashuka. Unajiuliza, wimbi limekufa kabla halijaenea? Kuna sehemu bado imejaa? Vipimo vyenyewe vimewekwa mahali panapopata joto sana kinu kikiwa kwenye kazi ya kawaida, na wakati wa kuachilia nishati sehemu zenye moto si hizohizo, kwa hiyo unasoma mahali pasipo na habari. Kesho yake, tarehe 8, ikaamuliwa kiwashwe mara ya pili. Mi siwezi kumlaumu mtu huyo. Nimeshawahi kuongeza moto kwenye tanuri kwa sababu geji ilikuwa imekufa nami nikaamini geji, nikapoteza chungu na kila kilichokuwemo, na ule ulikuwa ni mchezo wa watoto.

Tarehe 10 mionzi ikaonekana kwenye bomba la moshi. Wakafungua kizibo kwenye uso wa kinu wakachungulia, urani iliyo ndani inawaka nyekundu. Walijaribu kuisukumia nje kwa mabomba ya chuma ya jukwaa la ujenzi, yaani mtu ameshika bomba mkononi anasukuma urani inayowaka, mabomba yakarudi na ncha nyekundu zinadondosha chuma kilichoyeyuka. Wakajaribu kabonidayoksaidi, haikusaidia. Tom Tuohy, naibu meneja, alipanda juu ya kinu mara kwa mara kuchungulia kwa macho yake. Asubuhi ya tarehe 11 wakamwaga maji wakijua kabisa yanaweza kulipuka, hayakulipuka lakini hayakuzima pia, mpaka Tuohy alipoamuru mafeni yafungwe, moto ukakosa hewa ukafa. Maziwa ya mashamba ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500 yakamwagwa kwa sababu ya iodini-131, iodini yenye mionzi iliyotoka kwenye moto huo. Ingekuwa mbaya zaidi kama si vichujio vilivyokuwa juu ya bomba, ambavyo John Cockcroft aling'ang'ania viwekwe wakati watu wanavicheka wanaviita upumbavu wa Cockcroft.

Nikisikia mtu anasema "grafaiti ililipuka Windscale" huwa nataka kumrekebisha. Kilichowaka zaidi ni urani pamoja na vibweta vingine vya metali vilivyokuwemo, grafaiti ndo ilikuwa kiberiti, na hata hiyo ilikuwa ngumu kuwaka kuliko watu wanavyodhani. Nimejaribu kuichoma kwa tochi ya gesi karakanani, inakuwa nyekundu, ukiondoa tochi inapoa tu.

Basi vinu vilivyofuata vikaifanya grafaiti iishi kwenye joto, nyuzi 300, 400, 500 na zaidi. Hapo habari ya nishati iliyofichwa inaisha kabisa kwa vitendo, maana atomu zinarudi nyumbani au zinatafutana muda uleule zinapong'olewa. Tatizo limekwisha? Limehama.

Atomu zinazotembea zikikutana katikati ya mikeka zinajikusanya, wawili, watano, mia, mpaka zinaunda kimkeka kipya kilichojipenyeza katikati ya mingine. Rundo linakuwa refu. Upande wa mkeka nako mapengo yanabaki, mkeka unajivuta, unakuwa mfupi. Kwa hiyo kila fuwele inarefuka kwa kimo na inasinyaa kwa upana kwa wakati mmoja. Ungetegemea tofali zima lirefuke basi, au angalau libaki vilevile. Hapana, linasinyaa! Nililisoma hili mara tatu. Sababu ni zile nyufa ndogo kati ya mikeka nilizokuambia uzishikilie: fuwele ikirefuka inaingia kwenye ufa wake yenyewe, inaujaza, nje hakuna anayejua, wakati kusinyaa kwa upana kunaonekana chote. Uwazi niliodhani ni wizi wa muuzaji ndo unaofanya tofali likae miaka mingi bila kupasuka.

Halafu nyufa zinajaa. Zikishajaa hakuna pa kuficha, kila kurefuka kunatoka nje, tofali linapunguza kusinyaa, linasimama, linageuka, linaanza kuvimba. Ukiliacha linarudi kwenye ukubwa wake wa mwanzo na kupita, na matundu mapya makubwa yanafunguka kati ya fuwele zinazosukumana. Ni lini linageuka inategemea joto, na aina ya grafaiti, na koki iliyotumika. Vinu vya kwanza vya Uingereza vilitumia grafaiti ya koki yenye chembe ndefu kama sindano, ukiisukuma kwenye kalibu chembe zote zinalala upande mmoja, kwa hiyo tofali linasinyaa tofauti kwa urefu na kwa upana. Kizazi kilichofuata wakachagua Gilsocarbon, iliyotokana na lami ngumu ya asili inayochimbwa Utah, ambayo chembe zake ni za duara kama kitunguu, tofali linabadilika karibu sawa pande zote.

Na sasa nirudi kwenye spana na uzi. Atomu zilizobanwa kati ya mikeka zinafanya kama misumari, mikeka haitelezi tena. Grafaiti inakuwa ngumu zaidi, na imara zaidi, na hilo linatokea mapema kabisa, dozi ndogo tu. Ukakamavu wake unaweza kupanda mara mbili au zaidi. Kitu kikiwa kikakamavu zaidi na uzito wake haujabadilika sana, sauti inasafiri haraka zaidi ndani yake. Maana yake nini? Maana yake ukimpa mzee wangu tofali lililokaa kwenye kinu miaka kadhaa (hatumpi, lina mionzi, lakini tuseme) akaligonga, litalia tiiing ya juu kuliko tofali jipya. Angeniambia, mwanangu, hili ndo zuri kuliko yote.

Kumbe tofali hilohilo limeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kupitisha joto, maana kinachobeba joto kwenye grafaiti ni mitikisiko inayopita kwenye mikeka na kila pengo linaikatisha njia, na hilo linashuka haraka hata kabla ya mambo mengine. Limeshakuwa na mvutano ndani, linahesabu siku za kugeuka. Ugumu unaendelea kupanda mpaka matundu mapya yanapoanza kufunguka, halafu vyote vinashuka pamoja, ugumu, uimara, sauti. Kilichoniuma ni hapo kwenye kupanda, kwamba kipimo changu cha maisha yote kinasema safi wakati mwili umeshaanza kubadilika tabia.

Kuna kitu kimoja kinachookoa, nacho kinanishangaza mpaka leo. Upande wa tofali ulio karibu na urani unapigwa zaidi kuliko upande wa mbali, kwa hiyo unasinyaa zaidi, kwa hiyo tofali linajivuta lenyewe kwa nguvu ambayo kwa hesabu ya kawaida ingelipasua mapema sana. Halipasuki, kwa sababu nyutroni zilezile zinazoleta mvutano zinailegeza grafaiti, inajinyoosha polepole kama lami kwenye jua, kwenye joto ambalo bila nyutroni isingejinyoosha hata kwa miaka elfu. Mchawi na mganga ni mtu mmoja.

Sasa kwa nini hawabadilishi tu hayo matofali? Hili ndo lililonifanya niandike. Urani inatolewa na kuwekwa mpya, pampu zinabadilishwa, waya, geji, vyote vina spea. Grafaiti ndo imejengewa ndani, maelfu ya matofali yaliyofungamana, yamezungukwa na zege na chuma, na imeshakuwa na mionzi. Ikiwekwa imewekwa. Kwa hiyo umri wa kinu cha namna hiyo mwisho wa yote ni umri wa grafaiti yake.

Hunterston B kule Uskoti, kituo cha kile kizazi cha Gilsocarbon, kilianza kutoa umeme mwaka 1976. Matofali yake yana tundu katikati, kimo kinapita sentimita 80, na kwa nje yana vijifereji ambamo vipande vidogo vya grafaiti vinaingia kushikanisha tofali na jirani yake, sisi tungeita njia ya kii. Kila mkerezaji anajua kona kali kwenye njia ya kii ndipo ufa unapozaliwa, hata kwenye shafti ya chuma. Mwanzoni upande wa ndani ndo unavutwa. Grafaiti ikigeuka, ndani kunaanza kuvimba kabla ya nje, mvutano unahamia nje, na nje ndo kuna zile kona. Machi 2018 kinu namba 3 kilisimamishwa kwa ukaguzi, nyufa zikahesabiwa kwa mamia, mabishano yakawa marefu, kikaruhusiwa kufanya kazi tena kwa muda mfupi mwaka 2020, na kituo kizima kikafungwa moja kwa moja Januari 2022. Hofu haikuwa kwamba tofali lenye ufa litadondoka, ufa mmoja kwenye tofali lililobanwa na majirani si kitu. Hofu ilikuwa siku ya tetemeko: matofali mengi yaliyopasuka yakisogea, je fimbo za kuzimia kinu bado zitashuka kwenye mashimo yake yaliyonyooka?

Juu ya hayo vinu hivyo vinapozwa na kabonidayoksaidi, na mionzi inaivunja gesi hiyo kuwa kitu chenye njaa kinachokula kaboni kutoka ndani ya matundu. Tofali linapungua uzito kimyakimya bila kubadilika umbo. Wanaongeza methani kidogo kwenye gesi kulinda, ila ukizidisha inaacha masizi kwenye urani. Kazi ya chumvi kwenye mchuzi.

Urusi walikutana na ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. Kinu namba 1 cha Leningrad kilizimwa mwaka 2012 kwa sababu nguzo za grafaiti zilianza kupinda, zikipinda zinapindisha mirija inayopitisha maji na urani. Unajua walifanyaje? Wakaikata. Waliingiza msumeno ndani ya tundu kwa mashine ya kuongozwa kutoka mbali, wakachana grafaiti kwa urefu, nguzo zikapata nafasi zikarudi kunyooka, na mwaka 2013 kikawashwa tena. Nimefikiria sana huo msumeno. Kukereza grafaiti ukiwa umeishika mkononi ni shida, kuikata ikiwa ndani ya kinu, ngumu kuliko mpya, na vumbi lake lina mionzi! Niliwavulia kofia peke yangu karakanani.

Kinachobaki baada ya kuzima ni grafaiti yenyewe, duniani zaidi ya tani 250,000, yenye kaboni-14 ambayo nusu yake inachukua miaka 5,730 kuisha. Nyingi bado imekaa ndani ya majengo yake ileile. Windscale namba 1 ni mojawapo. Moto wa 1957 ulishika sehemu tu ya kinu, na grafaiti ambayo moto haukuifikia haikupata nafasi ya kujitapika ile mara ya tisa, kwa hiyo wanaopanga kukibomoa imebidi wapige hesabu ya nishati iliyobaki mle ndani kabla hawajagusa kitu. Nawaelewa. Kukata kunaleta joto, na hilo huhitaji kusoma popote, shika tu kisu baada ya kumaliza pasi moja.